Fremu ya paipu na fremu ya kipande kimoja: Kila moja huvunjika kivyake

Muuza maziwa mmoja aliletwa kwenye kliniki yangu asubuhi akiwa amejifunga taulo kidevuni, taulo yenyewe imelowa damu. Alikuwa akiteremka mlima na mitungi miwili ya maziwa kwenye keria. Baiskeli ikakatika karibu na usukani, gurudumu la mbele likaenda zake, naye akatua kwa kidevu juu ya changarawe. Meno mawili ya mbele hayakuwapo.

Jeraha la kidevu lilikuwa dogo. Lakini nilipomwambia afungue kinywa, aliguna na kushika mashavu, mbele kidogo ya masikio. Meno ya juu na ya chini hayakukutana tena vile alivyozoea. Picha ya eksirei ilionyesha kwamba taya limevunjika mahali pawili, kule juu kabisa linakoungana na fuvu. Aangukaye kwa kidevu mara nyingi huvunjika mbali na kidevu, na wengi hushonwa kidonda wakarudi nyumbani bila mtu kuyagusa mashavu yao.

Kaka yake aliniletea ile baiskeli niione. "Daktari, hapa tumepachomelea mara tatu," akasema, akionyesha paipu ya chini inayotoka kwenye shingo ya usukani. Niliinama nikatazama. Mshono wa fundi ulikuwa mzima. Paipu ilikuwa imekatika kando yake, upana wa kidole tu kutoka hapo.

Mgonjwa wa pili alikuja miezi michache baadaye. Huyu alikuwa kijana mwenye baiskeli nyepesi ya kaboni, ya mtumba, aliyoinunua kwa akiba ya mwaka mzima. Siku ya Jumapili, barabara ikiwa tambarare, fremu ilikatika chini yake bila kishindo chochote cha kumwonya. Alivunjika mtulinga na alikuwa na vijiti vyeusi, vyembamba kama miiba, vilivyomwingia pajani. Alipoulizwa vizuri alikumbuka kwamba wiki kadhaa kabla ya hapo aligonga ukingo wa barabara, rangi ikabanduka kidogo. Akaipaka rangi ya kucha ya dada yake, basi.

Huenda ukauliza, msomaji, fremu za baiskeli zinamhusu nini daktari. Zinanihusu kwa sababu hawa wawili waliumizwa na fremu zilizojengwa kwa njia mbili tofauti kabisa. Kila moja huchoka kivyake na hutoa onyo lake. Wote wawili walionywa. Mmoja alionywa mara tatu na mwingine mara moja, lakini hakuna aliyewafundisha kulisoma onyo lenyewe.

Soketi na shaba

Fremu uijuayo zaidi ni ile ya paipu zilizounganishwa. Umbo lake lilianza kuenea baada ya mwaka wa 1885, wakati John Kemp Starley wa mji wa Coventry, Uingereza, alipotoa baiskeli yake iliyoitwa Rover, yenye magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo wa kuzungusha lile la nyuma. Fremu ikaja kutulia katika umbo la pembetatu mbili zinazoshikana. Baiskeli nyeusi za Black Mamba zinazobeba maji, makaa na abiria kutoka Busia hadi pwani ni wajukuu wa fremu hiyo.

Kwa nini pembetatu? Chukua vijiti vitatu uvifunge kwa uzi ncha kwa ncha, kisha ujaribu kuvibonyeza. Havibadiliki umbo mpaka kimoja kivunjike. Fanya hivyo kwa vijiti vinne na utaona vinavyolala upande. Katika pembetatu, uzito wa mwendeshaji hupita ndani ya paipu kwa kuzivuta na kuzisukuma kwa urefu, na paipu huvumilia kuvutwa na kusukumwa kuliko kupindwa. Kwa hiyo paipu zenyewe hupata shida kidogo. Shida yote hukusanyika mahali zinapokutana, kama vile mwili unavyopata matatizo mengi zaidi magotini na kiunoni kuliko katikati ya paja.

Wajenzi wa zamani walilijua hilo. Kwenye Black Mamba, tazama pale paipu zinapokutana na utaona soketi fupi ya chuma iliyozunguka ncha ya kila paipu. Kiwandani paipu huchomekwa ndani ya soketi, mahali hapo hupashwa moto, na shaba ya manjano iliyoyeyuka hunyonywa kwenye upenyo kati ya vyuma hivyo viwili. Shaba hiyo huyeyuka kwenye nyuzi joto 900 hivi. Chuma cha paipu huhitaji karibu 1,500. Hii ina maana kwamba paipu yenyewe haiyeyushwi, na nguvu yake hubaki karibu kama ilivyokuwa. Isitoshe, soketi huutandaza mzigo mahali papana badala ya kuuacha ulemee mstari mmoja. Mwaka wa 1897 Alfred Reynolds wa Birmingham alipata hataza ya paipu zenye kuta nene kwenye ncha na nyembamba katikati, kwa kuwa ni ncha zinazoumia. Daktari yeyote aliyepata kuushika mfupa wa paja ataitambua busara hiyo, maana mfupa nao ni mpana kwenye ncha na mwembamba katikati.

Siku hizi fremu nyingi za chuma na za alumini hazina soketi. Paipu huchomelewa moja kwa moja. Si vibaya, kiwanda kikiijua kazi, lakini hapo ubora wa mshono ndio kila kitu.

Ganda moja

Fremu ya kipande kimoja hufuata fikira nyingine. Wahandisi huiita monokoki, neno lililotoka Ufaransa lenye maana ya ganda moja. Fikiria yai au kaa wa baharini. Ndani hamna mifupa, na ni ganda lenyewe linalobeba mzigo. Badala ya paipu kadhaa na viungo vyake, hutandazwa tabaka za nyuzinyuzi za kaboni zilizolowa gundi ngumu ndani ya kalibu, hubanwa na kuokwa kwa joto, kisha hutoka fremu isiyo na mshono. Mjenzi anaweza kuongeza tabaka mbili hapa na kupunguza moja pale, na kuzilaza nyuzi upande ule ule mzigo unakopita.

Aliyeifanya dunia iizungumzie fremu hii ni Mike Burrows, mhandisi wa Norwich, Uingereza. Alibuni yake miaka ya 1980, lakini sheria za mashindano hazikuiruhusu hadi mwaka wa 1990 ambapo Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli (UCI) liliondoa marufuku hiyo. Kampuni ya magari ya Lotus ikaichukua kazi yake. Katika michezo ya Olimpiki ya Barcelona mwaka wa 1992, Chris Boardman aliiendesha Lotus hiyo katika mbio za kufukuzana za mita 4,000, na kwenye fainali akamfikia kabisa mpinzani wake Mjerumani, Jens Lehmann. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uingereza katika baiskeli tangu 1920. Baiskeli yenyewe ilionekana kama pezi la samaki. Baadaye UCI ilishtuka, ikaandika azimio lake mjini Lugano mwaka wa 1996, na kuanzia mwaka wa 2000 ikazilazimisha baiskeli za mashindano ya barabarani na ya viwanjani kurudia umbo la pembetatu. Ndiyo maana fremu za kaboni unazoziona leo zinafanana kwa mbali na zile za paipu.

Si kaboni peke yake iliyojaribiwa. Huko Uswidi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, iliuzwa baiskeli ya plastiki iliyoitwa Itera, na wanunuzi wakaikataa kwa sababu ilikuwa ikinesanesa. Kuna pia fremu za magnesi zinazomiminwa kwenye kalibu kama sufuria. Nyingi za hizi leo ni za watoto.

Hapa niseme neno kwa wanunuzi. Muuzaji akikuambia fremu ni ya "kipande kimoja", usikubali upesi. Fremu nyingi za kaboni zinazouzwa kwa sifa hiyo ni vipande viwili au vitatu vilivyogandishwa kwa gundi na kufunikwa kwa rangi. Aidha, mishono ya alumini inaweza kulainishwa mpaka ikapotea machoni. Ulaini wa rangi haukuambii jambo lolote kuhusu kilichomo ndani.

Mfupa wa mtoto na mfupa wa mzee

Mtoto wa miaka sita akianguka kutoka mwembeni, mfupa wa mkono wake mara nyingi hupinda na kupasuka upande mmoja tu, kama kijiti kibichi. Mfupa wa bibi wa miaka themanini hukatika mara moja. Chuma kina tabia ya yule mtoto. Kikizidiwa hujipinda kwanza na hukunjamana, na ufa wake huanza kama unywele ukakua polepole kwa wiki au miezi, ukilia kidogo kila unapopanda mlima. Kaboni ni ngumu na yenye nguvu ajabu kwa uzito wake, lakini haijipindi. Hubeba, hubeba, kisha huachia.

La hatari zaidi ni kwamba kaboni huweza kuumia kwa ndani. Pigo la jiwe au ukingo wa barabara hutenganisha tabaka zilizogandana, huku nje ukiona mkwaruzo tu, au usione kitu. Ndivyo ilivyokuwa kwa yule kijana. Pigo la kwanza lilimvunjia fremu, na ile Jumapili ilikuwa siku ya kuligundua tu.

Kuna pia uchovu wa chuma. Askari wapya wanaotembezwa kwa gwaride kutwa huja wakilalamika miguu, na eksirei huonyesha ufa kwenye mfupa ambao haukupigwa na kitu chochote. Ni mzigo mdogo uliorudiwa mara elfu nyingi. Baiskeli hupatwa na jambo hilo hilo kila pedeli inaposukumwa. Chuma cha pua kina bahati moja: mzigo ukiwa chini ya kiwango fulani, hakichoki hata ukiurudia miaka na mikaka. Alumini haina kiwango hicho. Kila mtikisiko hupunguza kidogo maisha yake. Kwa hiyo fremu ya alumini ya umri mkubwa, iliyobebeshwa mizigo ambayo haikuundiwa, haifai kuaminiwa kama Black Mamba ya babu yako. Tofauti na mfupa, hakuna hata moja kati ya hizi inayojiponya usiku ukilala.

Moto wa fundi

Sasa turudi kwa muuza maziwa. Mafundi wetu wa jua kali wana ujuzi ninaouheshimu, na gari langu halingekuwa barabarani bila wao. Lakini mtambo wa umeme unaochomelea mlango wa chuma huyeyusha ukuta wa paipu ya baiskeli, ambao unene wake ni milimita moja au zaidi kidogo. Mshono hupoa ukawa mgumu, na chuma kilicho kando yake hubadilika tabia. Paipu ikirudi kazini, hukatika hapo kando. Wakiongeza kipande cha nondo ili kupaimarisha, ufa huhamia mwisho wa nondo, mahali kigumu kinapokutana na laini. Sisi madaktari tunalijua hilo kwa uchungu. Mfupa uliofungwa bamba la chuma ukivunjika tena, mara nyingi huvunjika pale bamba linapoishia.

Kama fremu yako ni ya chuma na imepasuka, mtafute fundi anayeunga kwa shaba na gesi, na afadhali paipu yote ibadilishwe kuliko kutiwa kiraka. Alumini ikichomelewa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake kandokando ya mshono, na kuirudishia kunahitaji tanuri lenye kipimo, jambo lisilopatikana kando ya barabara. Magnesi usimpe kabisa fundi wa kawaida. Unga na vumbi la madini hayo hushika moto mkali, na maji huuchochea badala ya kuuzima. Kaboni hurekebishwa na wataalamu wachache wenye vifaa vyake. Anayeipaka gundi na kuizungushia utepe anakuuzia kitanda cha hospitali.

Kama nafasi hiyo hiyo imeshachomelewa mara moja na ikapasuka tena, fremu imekwisha. Najua bei yake. Muuza maziwa huyo alinieleza bei yake kwa kuandika kwenye karatasi, maana taya lake lilikuwa limefungwa kwa waya. Alikosa kazi kwa wiki sita.

Dakika tano za ukaguzi

Mara moja kwa mwezi ipindue baiskeli yako mchana kweupe, uifute matope, na upitishe ukucha mahali hapa: chini ya shingo ya usukani, foki inapoingia shingoni, penye ekseli ya pedeli, na nyuma kwenye ekseli ya gurudumu, hasa kama hubeba abiria au mizigo kwenye keria. Kwenye chuma tafuta mstari mwembamba wa kutu uliotokeza chini ya rangi, kwa kuwa ufa huvuta maji. Ukiona rangi imekunjamana nyuma ya shingo, jua baiskeli iligongwa kwa mbele hata kama aliyekuuzia anaapa.

Kwenye kaboni pitisha kitambaa cha pamba au soksi kuukuu. Kikinaswa, kuna nyuzi zilizokatika. Kisha gonga fremu kwa sarafu, ukisogea kidogo kidogo. Sauti ikali na yenye kufanana ni dalili njema. Mahali ikigeuka kuwa nzito, kama unayegonga mkate, simamisha baiskeli hapo. Kipimo hiki hakigundui kila kitu, kwa hiyo fremu ya kaboni iliyopata ajali ya maana ipelekwe kwa mtaalamu hata ikilia vizuri. Helmeti nayo hufanya kazi kwa kujiponda mara moja. Ikishagonga lami, tupa.

Ukianguka

Mambo matatu nayaona yakipuuzwa. La kwanza ni watoto wanaochomwa tumboni na ncha ya usukani. Mtoto huinuka, hulia kidogo, akaendelea kucheza. Saa kadhaa baadaye, au hata kesho yake, hutapika, akapauka, tumbo likawa gumu, kumbe wengu limepasuka au kongosho limeumia. Alama ya duara tumboni, hata ndogo, ni sababu ya kutosha ya kumpeleka hospitali siku hiyo hiyo. Zibeni ncha hizo kwa mpira.

La pili linawahusu wenye baiskeli za kaboni. Miale ya eksirei hupita ndani ya kaboni kwa urahisi, na ndiyo sababu meza nyingi za kupigia picha hutengenezwa kwa kitu hicho hicho. Kipande cha kioo kwa kawaida huonekana kwenye picha, lakini kijiti cha kaboni huenda kisionekane. Usipomwambia daktari fremu ilikuwa ya nini, atakuonyesha picha safi na kukushona mwiba ukiwa ndani. Kijana wangu alinitajia, tukavitafuta kwa mashine ya mawimbi ya sauti, na cha mwisho kilikuwa na urefu wa sentimita tatu. Kumbuka pia kuuliza kuhusu sindano ya pepopunda.

La tatu ni jino. Jino la mtu mzima, au lile la mtoto lililoota baada ya meno ya utoto, linaweza kurudishwa likashika, ikiwa litafika kwa daktari wa meno upesi, afadhali ndani ya saa moja. Lishike upande wa kutafunia, usiuguse mzizi wala usiusugue. Lisuuze kidogo likiwa na mchanga, ulirudishe kwenye pengo lake kama mgonjwa anajitambua, au ulitumbukize kwenye maziwa. Likikauka, mzizi hufa. Jino la utoto lisirudishwe.

Meno ya muuza maziwa yaliokotwa na mwanawe pale mteremkoni, yakaletwa jioni yamefungwa kwenye karatasi kavu. Mtungi mmoja kati ya ile miwili haukumwagika.